KIJANA, NANI ATALIPA DENI LAKO?

Kijana mpendwa, wewe uliyepewa karatasi hii hapa Sindeni, iwe unasubiri gari la Korogwe au umekaa tu kijiweni na wenzako, usiitupe kwanza. Haikuulizi unasali wapi. Inakuuliza jambo moja: JE, UNADAIWA? Na kama unadaiwa, NANI ATALIPA?

Labda umepata nafasi ya chuo na begi limeshafungwa. Labda uko chuo tayari, umerudi likizo. Huko chuoni utasikia maneno haya: "Hela ya serikali haina mwenyewe, kula tu!" Wengine watakwambia, "Bwana wee, kila mtu anadaiwa." Je, ni kweli? Hebu tulichunguze jambo hili bila kuoneana haya.

DENI HALIFI, LINAHAMA

Deni lina tabia moja. Aliyekopa asipolipa, haliyeyuki hewani. Linahamia kwa mtu mwingine. Usipolipa wewe, atalipa baba kwa gunia la mahindi aliloliweka akiba. Atalipa rafiki aliyekudhamini. Au atalipa mtu ambaye hujakutana naye bado: wewe mwenyewe miaka kumi ijayo, ukiwa na mke au mume, na watoto wanataka viatu vya shule.

Kwa hiyo deni si jambo la hesabu tu. Ni jambo la haki. Je, ni haki mimi nile, halafu alipe mtu ambaye hata hakuulizwa?

MJANE NA WANAWE WAWILI

Kuna habari ya kale katika kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mtu mmoja mcha Mungu alikufa akiwa na deni. Angalia, hakuwa mlevi wala mhuni. Lakini mdai alikuja, na aliyetaka kumchukua hakuwa marehemu. Alitaka watoto wake wawili wawe watumwa! Deni la baba lilihamia kwa watoto.

Yule mama alimlilia nabii Elisha. Naye alimuuliza, una nini nyumbani? Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, avijaze, auze mafuta, ALIPE DENI, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki.

Umeona utaratibu huo? Kulipa kwanza, kula baadaye. Tena umeona kwamba hata mama huyu aliazima? Aliazima vyombo ili avijaze, navyo vilikuwa vya kurudishwa. Kukopa si dhambi. Swali ni hili: unachokopa unakwenda kukijaza, au unakwenda kukimaliza?

HABARI YA NYUMBANI KWETU

Usidhani haya ni mambo ya Israeli tu. Uliza wazee wa Kizigua. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi hii. Simulizi zinasema watu walijiweka rehani wao na watoto wao ili wapate chakula, na wengine waliahidiwa kazi ng'ambo kisha warudi. Hawakurudi. Waliuzwa utumwani Somalia. Uzao wao uliishi kando ya mto Juba, na mpaka leo wako wanaosema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 walikimbia, na baadhi yao walipokelewa hapa hapa wilayani Handeni, katika makazi ya Chogo, mwaka 2003. Rehani ya siku moja ya njaa, na safari ya kurudi ikachukua vizazi!

Wale hatuwalaumu. Walisukumwa na njaa, wakadanganywa. Lakini wewe unayekopa ili ununue simu kubwa kuliko ya mwenzako, unasukumwa na nini?

BUMU SI ZAWADI

Sasa tuseme wazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Jina lake lenyewe linasema: ni MIKOPO. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Fanya hesabu. Mshahara wa sh. 700,000, makato ni sh. 105,000. Kila mwezi. Ni kweli, mwaka 2021 serikali iliiondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi walipumua. Lakini deni lenyewe lilibaki palepale.

Na hizo fedha zikirudi zinakwenda wapi? Zinasaidia kumkopesha anayekuja nyuma yako. Basi usiseme hela hii haina mwenyewe. Mwenyewe yupo! Pengine leo yuko darasani hapa Sindeni, anasoma kwa bidii, baba yake hana ng'ombe wa kuuza. Ukijificha usilipe, hujaikomoa serikali. Umemfungia mlango mtoto yule.

KAUSHA DAMU

Bumu likiingia, wiki ya kwanza ni chipsi kuku, viatu vipya, mikeka ya kubeti. Wiki ya tatu mtu amechacha, anapiga pasi ndefu, anakula mlo mmoja kwa siku. Hapo ndipo simu inaposema: kopa sasa, dakika tano tu, bila dhamana!

Bila dhamana? La hasha! Dhamana ni jina lako. Baadhi ya wakopeshaji hao huchukua namba zote zilizomo kwenye simu yako. Ukichelewa, mama yako anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mjomba anapata. Mwalimu wako anapata. Ndiyo maana watu wameiita mikopo ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa!

Ukikopa sh. 100,000 na kurudisha sh. 130,000 baada ya mwezi, halafu ukakope kwingine ili ulipe hiyo, hujalipa deni. Umelihamisha tu, nalo limenenepa njiani. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

LAKINI UTASEMA...

"Bumu limechelewa na nina njaa." Ndugu yangu, njaa si aibu. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, mwambie ukweli. Piga simu nyumbani. Kula pamoja na wenzako, changeni unga na maharage. Aibu ya kusema "sina" inapita kwa siku moja. Aibu ya kudaiwa hulala na wewe.

"Mkopeshaji mwenyewe ni mnyonyaji, kwa nini nimlipe?" Kama hana leseni au anakutukana, karipoti, sheria ipo. Lakini usibadilishe laini na kumwacha aliyekudhamini akitukanwa. Ubaya wa mdai haukupi wewe ruhusa ya kuwa mwongo.

FANYA HIVI

1. Andika leo kila unachodaiwa, na nani, na lini. Hata ile elfu mbili ya mama ntilie.
2. Hela ikiingia, toa kwanza deni, kisha nauli ya kurudi nyumbani, kisha chakula. Kinachobaki ndicho chako.
3. Gawa bumu kwa wiki kabla hujagusa hata shilingi.
4. Usikope kwa ajili ya kuonekana. Watu unaotaka wakuone hawatakuwepo siku ya kulipa.
5. Ukishindwa kulipa kwa wakati, MFUATE mdai kabla hajakutafuta. Mwambie una kiasi gani na utamalizia lini.

Kijana, dawa ya deni ni kulipa. Hilo unalijua tangu utotoni. Jambo ambalo pengine hukulifikiria ni hili: usipoinywa dawa hiyo wewe, kuna mtu atanyweshwa kwa ajili yako. Mtazame usoni mtu huyo. Mtaje jina. Ni baba? Ni mdogo wako? Ni rafiki aliyekuamini?

Usingoje kesho. Chukua kalamu sasa, geuza karatasi hii, uandike deni la kwanza.