Je, Kutojua Kunatuondolea Hatia?



Kijana mmoja, aliyeniruhusu niandike bila kumtaja, aliniambia: "Frateri, nimetibiwa kisonono. Daktari akasema nipime na kaswende na VVU, tena nimlete mchumba wangu. Sikurudi. Bora nisijue."

Nilimwelewa. Hofu ni mzigo. Lakini magonjwa haya hutembea pamoja: kisonono na kaswende huifungulia VVU mlango, na mara nyingi hujificha bila dalili, hasa kwa wanawake. Ukitibiwa peke yako, mwenzako anaweza kukuambukiza tena. Na akiwa mjamzito, kaswende yaweza kumfikia hata mtoto tumboni.

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kutojua kwa kutaka hakumwondolei mtu hatia. Aliyefumba macho makusudi hawezi kusema, "Sikuona."

Mtasema dawa ni usafi wa moyo. Kweli kabisa! Ila aliyekwishaanguka naye bado ana deni la upendo, na kulilipa kunaanza na kipimo, kisha kumwambia mwenzake ukweli. Dhambi tunaipeleka kitubioni, kisonono tunakipeleka hospitali. Nenda kote kuwili.

Jumamosi namsindikiza kupima. Tumwombee.