Haki ya Walio Chini ya Mto

Wako wanaodhani kwamba muharibifu wa mti ni yule mwenye shoka peke yake. Basi na tuutazame Mto Tana, kwani ndani yake mna suali linalofaa kuulizwa katika kila nyumba na kila chuo: mti haukukatwa wala haukuchomwa, na bado kizazi chake kinatoweka, je, yupo wa kulaumiwa?

Kwanza watoto wafundishwe miti hiyo inavyozaana. Matunda ya mkuyu huliwa na nyani, popo na ndege, kisha mbegu zikaangushwa mbali. Mti mwingine, wa jamii ya popla, ambao Wapokomo huuchonga mitumbwi, una mbegu ndogo mno zenye nyuzi kama za usufi, zipeperushwazo na upepo na kuchukuliwa na maji. Mbegu hizo haziishi siku nyingi. Hutaka tope au mchanga mpya, wenye unyevu na jua, pasipo magugu ya kuzisonga. Na mwenye kuutandika mchanga huo ni mafuriko: mto hubomoa ukingo huu ukajaza ule, kisha maji yakashuka polepole na mizizi michanga ikayafuata chini.

Yakikosekana mafuriko, miti mikubwa hubaki imesimama na kivuli chake, na mpita njia akasema msitu u salama. Lakini chini yake hapana miche. Ni mfano wa nyumba ya wazee isiyosikika sauti ya mtoto.

Sababu si moja. Misitu imefyekwa kwa mashamba, na mto wenyewe huhama njia. Lakini pia, tangu bwawa la Kindaruma mwaka 1968, na hasa lile kubwa la Masinga lililokamilika 1981, maji mengi ya masika na vuli huzuiwa huko juu. Mafuriko makubwa bado huja miaka mingine. Yale ya kawaida ndiyo yaliyopungua.

Hatusemi kwamba mabwawa ni maovu. Umeme wake huwaka hospitalini na misikitini. Lakini tukumbuke hukumu ya Mtume (S.A.W.) juu ya maji ya bonde la Mahzur, Madina: mwenye shamba la juu ayazuie mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini. Wa juu amepewa haki yake, na haki hiyo imewekewa mpaka.

Huenda mtu akasema: hukumu hiyo ni ya watu, na mbegu haina madai kwa kadhi. Kweli, lakini mtoto atakayezaliwa ukingoni na kukosa mti wa mtumbwi ni mtu, na leo hana wakili ila sisi. Dhulma ya namna hii haina shoka wala damu. Hutendeka kwa mikono ya watu wema, kila mmoja akichukua kidogo na asiulize.

Kwa hiyo wajibu wetu si kuacha kuzuia, bali ni kuuliza: kiasi gani kinatosha, na wakati gani tuachie? Mwenye bwawa aulize hivyo, na mwenye mfereji wa shamba vilevile. Na mwalimu amfundishe mwanafunzi kwamba, akitaka kujua hali ya msitu, asiangalie vilele tu, ainame aitafute miche.

Wallahu aalam.