Muulizeni Mwenye Jina

Wajukuu zangu, nimewasikia barazani mkiucheka huo mnaouita usahihi wa kisiasa. Mnasema siku hizi mtu hafungui mdomo bila kukemewa, na kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hebu nisikilizeni kidogo.

Huko Marekani msemo huo ulizagaa miaka ya 1970 kama utani wa watu wa mrengo wa kushoto, wakimcheka mwenzao aliyezidi kung'ang'ania msimamo. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush aliulalamikia mbele ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, akidai unabana uhuru wa kusema. Hakukosa hoja kabisa. Lakini kufikia 2015, Donald Trump alipoutaja kuwa tatizo kubwa la nchi yake, ulikuwa umeshageuka ngao: anayetaka kutukana hajitetei tena, anatangaza tu kwamba hana muda na usahihi wa kisiasa. Mtu wa namna hiyo jihadharini naye, hata akiwachekesha.

Wala msidhani kuchunga maneno tumefundishwa na wageni. Tafsida ni yetu tangu enzi. Nani kati yenu alimsikia bibi yake akitaja msalani waziwazi mbele ya wakwe?

Sasa tazameni maneno ambayo hatukuyachunga. Watu wenye ualbino tuliwaita zeruzeru, na jina hilo lilitembea na simulizi yake, kwamba hao hawafi, hutoweka. Kuanzia 2007 hivi mauaji yao yakashika kasi Kanda ya Ziwa, hapa Tanzania. Jina halikuua, waliua wauaji, na waliowatuma kwa tamaa ya utajiri. Ila aliyeshika panga alikuwa amekwisha kusikia tangu utotoni kwamba aliye mbele yake si mtu kamili. Ndiyo maana sitaki kusikia kicheko chenu kwenye jambo hili.

Lakini msigeuke askari wa maneno pia. Kuna vijana wanaomkaripia mzee hadharani kwa kusema "kiziwi", wakati viziwi wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila haya yoyote. Neno linalowaudhi wengi wao ni "bubu". Hao vijana wangeuliza kwanza wangejua. Wakenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 54, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kipimo kiko kwake yeye anayetajwa, si kwa anayedhihaki wala kwa anayekaripia.

Tena jina zuri peke yake halitoshi. Mimi nina umri wa kukumbuka enzi za Ujamaa, kila mtu akiitwa ndugu, mkubwa na mdogo, na bado ndugu wengine walipata sukari kabla ya wengine. Leo tuna "dada wa kazi". Ni jina zuri kuliko yale tuliyokuwa nayo zamani. Huyo dada anaamka kabla ya adhana, anakula jikoni peke yake, na mshahara wake unasubiri mpaka baba mwenye nyumba akumbuke.

Mlipeni kwa tarehe yake. Kisha muulizeni angependa aitweje, na mmwite hivyo.