Mwenye Jiwe ni Nani? Maadili ya Uchimbaji katika Mchezo wa Kompyuta na katika Masimulizi ya Pwani ya Malindi

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja la kimaadili: je, mtu anayekuta madini ardhini ana deni kwa yeyote? Swali lenyewe ni la kale, lakini mfano tutakaouanzia ni wa siku hizi, nao ni mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Mhakiki wa fasihi hana sababu ya kuudharau mchezo huu. Ni kazi ya kubuni kama zilivyo nyingine. Una mandhari, wahusika na mgogoro, na vijana wanaoucheza kwenye simu zao hukaa nao kwa saa ambazo watunzi wetu wa riwaya wangezionea wivu. Hoja tunayoitetea ni kwamba masimulizi ya uchimbaji, yawe ya kitabuni au ya kwenye kioo, hayapimwi vyema kwa kuuliza kama mchimbaji amemdhuru mtu. Yafaa yapimwe kwa kuuliza kama ndani yake yupo mtu mwenye uwezo wa kumwambia mchimbaji, "Hapana."

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, tueleze kwa ufupi. Minecraft ulianzishwa na Markus Persson wa Uswidi mwaka 2009, ukatolewa rasmi mwaka 2011, na mwaka 2014 kampuni yake, Mojang, ikanunuliwa na Microsoft. Mchezaji hujikuta katika nchi iliyoumbwa kwa hesabu za kompyuta, hana chombo wala makazi. Hukata mti kwa mikono mitupu, akatengeneza sululu ya mbao. Kwa sululu hiyo huvunja mawe, akatengeneza sululu ya mawe, na ni kwa hii ya pili tu ndipo anapoweza kupata mtapo wa chuma, yaani jiwe lenye chuma ndani yake. Akiupiga mtapo huo kwa sululu ya mbao, jiwe litavunjika na mikono yake itabaki mitupu. Mtapo hutiwa tanurini pamoja na makaa, ukatoa mkuo wa chuma. Na sululu ya chuma ndiyo ifunguayo njia ya almasi. Kazi hii yote hufanyika gizani chini ya ardhi, kwa mwanga wa mienge, na hatari huja kutoka nyuma.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa sifa ya bidii, na kwa fasiri hiyo twaweza kusema kuwa Minecraft umeifafanua kuliko vitabu vingi vya shule. Mchezo huu unashikilia ukweli ambao mnunuzi wa msumari dukani ameusahau, kwamba chuma kina nasaba: nyuma yake mna makaa, nyuma ya makaa mna mti, na nyuma ya vyote mna mkono wa mtu.

Umuhimu wa jambo hili huonekana tukiulinganisha mchezo na maandishi ya kale yanayoihusu pwani yetu. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake kikubwa kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia. Hakuwahi kufika huku. Alitegemea habari za wasafiri. Anapoutaja mji wa Malindi, ambao wanahistoria bado wanabishana kama ndio huu wa leo, anasema kwamba watu wake wana machimbo ya chuma, nacho ndicho bidhaa yao na chimbuko la faida yao kubwa. Basi. Hatuambiwi nani aliyekata magogo ya makaa, nani aliyefinyanga mabomba ya udongo ya kupitishia pumzi ya mivuo, wala nani aliyekesha tanurini. Sauti hizo zimeachwa ziokotwe na wanaakiolojia. Utafiti wa Chapurukha Kusimba juu ya uhunzi wa pwani ya Kenya, aliouendesha miaka ya 1990, ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa na kufuliwa papa hapa na wenyeji. Ushahidi wa kazi ya namna hiyo ni mavi ya chuma, yale makapi ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeyataka na kwa hiyo yakabaki kusema. Kuhusu kazi, basi, mchezo una uaminifu kuliko kitabu cha mfalme.

Kuhusu mwenye mali, hata hivyo, mambo hugeuka. Nchi ya Minecraft haikosi watu. Wapo wanavijiji, wenye nyumba, mashamba na biashara zao. Lakini mchezaji akiingia na sululu akachimba chini ya sakafu zao hadi kwenye mwamba wa mwisho, hakuna atakayesema neno. Ukimpiga mwanakijiji, kijiji kitakushughulikia. Ukiichimba ardhi yake, hajui. Mtunzi amewapa wanavijiji hawa mwili unaoweza kuumia, wala hakuwapa mali inayoweza kuibwa.

Wanaodai kwamba madini ni yao wapo mahali pamoja tu. Tangu mwaka 2020, katika ulimwengu wa chini uitwao Nether, wameongezwa viumbe waitwao piglin, ambao hughadhibika wakimwona mchezaji akichimba dhahabu karibu nao. Sura zao ni za nguruwe. Kwa msomaji wa pwani yetu maana ya uso huo haihitaji maelezo, lakini hata asiye wa pwani ataona jambo lililofanyika: katika ulimwengu mzima wa mchezo, sauti inayosema "hii ni yetu" imewekwa katika kinywa cha mnyama. Mwenye mali akiwa na sura ya mtu, hunyamazishwa. Akisema, hunyang'anywa sura ya mtu.

Utaratibu huu haukubuniwa Uswidi. Tukimrudia al-Idrisi, tunamkuta akiongeza, katika maelezo yale yale ya Malindi, kwamba watu wake hudai kujua uchawi wa kuwazuia nyoka na wanyama wakali wasiwadhuru. Wenye chuma wamekwisha kuwa wachawi. Karne saba baadaye, mwaka 1885, Rider Haggard alitoa riwaya iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya Frederick Johnson, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Humo, anayeijua njia ya kwenda kwenye hazina ni Gagool, ajuza aliyechorwa kama nyani na mchawi, naye hufa akiwa amepondwa na mlango wa jiwe. Kweli, Mfalme Ignosi, ambaye ni mtu kamili, hutangaza mwishoni kwamba hatawaruhusu tena watafutao mawe yang'aayo. Lakini wakati huo almasi zimo mifukoni tayari. "Hapana" imeruhusiwa kutamkwa baada ya kupoteza kazi yake.

Tunaweza kujibiwa kwamba mchezo ni mchezo: jiwe la kwenye kioo halimpungukii mtu, na mtoto ana haki ya kupata mahali pa kuchimba bila kuomba. Jibu hili lina uzito, nasi hatudai kuwa mchezaji ni mwizi. Lakini halilifikii swali letu, kwa sababu kinachofunzwa na kazi ya kubuni ni maana ya kitendo, na kitendo cha kupata kina maana pana zaidi katika jamii zinazoishi kati ya Mtwapa na Sabaki. Katika fiqhi, anayeokota kitu kilichopotea hukitangaza mwaka mzima. Anayefukua hazina ya kale hutoa khumsi, sehemu moja ya tano. Na dhahabu ya machimbo ina zaka yake. Kupata si mwisho wa deni, ni mwanzo wake. Bara kidogo ya Kilifi, Jaribuni, ambako madini ya chuma yamechimbwa, ni jirani ya Kaya Kauma, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa wazee wa kaya, msitu una mambo ya kufanywa na yasiyofanywa, na asiye mwenyeji haingii bila idhini. Jiwe lililo mahali kama hapo linazungumza kabla halijaguswa.

Sheria ya nchi nayo ina msimamo wake. Katiba ya Kenya ya 2010 imeyahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 imeugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa serikali ya kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Hapa pana tofauti ambayo mwanafalsafa wa maadili hana budi kuishika. Kupewa fungu ni jambo moja. Kuwa na uwezo wa kukataa ni jambo jingine. Anayepewa kumi kwa mia ametambuliwa kuwa jirani wa jiwe, bado hajatambuliwa kuwa mwenyewe. Ndiyo maana kile kifungu cha sheria hiyo kinachodai ridhaa itafutwe kabla ya ardhi ya jamii kuchimbwa kina uzito wa kimaadili kuliko asilimia zote. Ridhaa ni jina la kisheria la ile nafasi ya kusema "Hapana" ikiwa ingali na kazi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wachezaji wenyewe wameigundua kasoro tunayoitaja. Minecraft huweza kuchezwa na watu wengi katika nchi moja, na popote wanapokusanyika hivyo, haiwachukui muda kabla hawajaanza kutunga kanuni: hapa ni kwa fulani, asichimbe mwingine; aliyebomoa ajenge. Kanuni hizi nyingi hazikuwekwa na mtunzi. Zimezaliwa na kuwapo kwa mtu wa pili. Mchezaji akiwa peke yake, jiwe ni jiwe. Wakiwa wawili, jiwe lina mwenyewe, au walau lina ubishi. Ushahidi huu watuambia kwamba deni la mchimbaji halitokani na kitu kilichomo ndani ya madini, wala halingoji sheria iandikwe. Linaanza pale mchimbaji anapokubali kwamba kuna mwingine anayemtazama, mwenye uso kama wake.

Twaweza sasa kuisoma upya ile methali yetu. Tumezoea kuliwekea mkazo neno "ainame", tukasahau neno "mvunguni". Mvungu ni wa kitanda. Kitanda kimo chumbani, chumba kimo nyumbani, na nyumba ina mwenyewe. Mtu hainami mvunguni mwa mwenziwe kabla hajapiga hodi. Masimulizi ya uchimbaji, tangu kitabu cha al-Idrisi hadi kwenye simu ya kijana wa leo, yametufunza kwa ustadi namna ya kuinama. Kazi ya mhakiki, na ya mtunzi wa Kiswahili atakayeandika siku moja juu ya chuma cha Jaribuni au mchanga mweusi wa Sabaki, ni kuirudisha hodi, na kumwacha mwenye nyumba aijibu kwa sauti yake mwenyewe.