Barabara ya Moto Hulimwa Mei

Vijana wangu mliopanda misindano na milingoti huku Mufindi, nisikilizeni. Mti wa mbao hukaa shambani miaka 15 na zaidi, na moto kichaa wa Oktoba huumaliza kwa alasiri moja. Miche mnainunua na kuipalilia, ila barabara ya kuzuia moto mnaikumbuka moshi ukishaonekana kwa jirani.

Limeni Mei, mvua zikiisha na udongo ungali na unyevu. Wakati huo hata pawatila inauma ardhi. Ikifika Agosti sahani za haro zinateleza juu juu, nyasi zinalala tu, nanyi mnamlipa mwenye trekta kwa kazi isiyofaa kitu.

Moto unaotambaa chini husimama kwenye udongo mtupu. Nyasi fupi hazitoshi. Kufyeka kwa mashine kunasaidia, maana miali inakuwa mifupi, lakini nyasi zilizofyekwa zikiachwa zikauke palepale mmeutandikia moto mkeka. Zikokoteni mbali na mstari, kisha mpige haro mara mbili mpaka mizizi ya nyasi igeuke. Pawatila hulima kama sentimita 60 kwa mpito. Mipito 10 inawapa karibu mita 6. Ukingo ulio upande wa bondeni ongezeni zaidi, kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi: miali inainamia nyasi za juu na kuzikausha kabla haijazifikia.

Hata hivyo msilime kufuata mteremko moja kwa moja. Mvua za Desemba zitaugeuza mstari huo kuwa korongo, na mtakuwa mmeokoa miti mkapoteza ardhi. Fuateni kontua; panapolazimu kushuka, parueni kwa jembe la mkono na kuacha matuta ya kuchepusha maji. Penye mwinamo mkali trekta lisipite kabisa, hata dereva akijisifu vipi. Trekta dogo hupinduka upesi, na maisha ya kijana hayalinganishwi na shamba lolote.

Mashine yenyewe inaweza kuwasha moto. Kisu cha kufyekea kikigonga jiwe hutoa cheche, kwa hiyo fanyeni kazi hiyo asubuhi kabla umande haujakauka. Ondoeni majani makavu kwenye ekzosi, wekeni maji na koleo karibu, na shafti inayozungusha mashine isiendeshwe bila kifuniko chake.

Mpakani elewaneni na jirani: kila mmoja alime upande wake, gharama ya trekta mgawane, na Kamati ya Maliasili ya Kijiji ijue. Upepo mkali hurusha vijinga juu ya barabara yoyote, hivyo pawepo watu wa kusimama hapo na matawi mabichi. Septemba rudini mkakwangue majani ya misindano yaliyodondokea mstarini, kwa sababu hayo peke yake yanatosha kuuvusha moto.