Uhuru Usiotangazwa

Katika historia ya Uskoti hakuna sheria iliyofuta utwana. Hakuna mfalme aliyetoa tamko, hakuna bunge lililoamua, wala hakuna uasi mkubwa wa wakulima uliowalazimisha makabaila kulegeza mkono. Mwaka 1364 askofu wa Moray alidai mahakamani kwamba watu fulani walikuwa watwana wa kanisa lake, na baada ya hapo madai ya namna hiyo yanatoweka katika kumbukumbu. Kutoweka huko kunazua swali gumu: mtu anapokuwa huru bila yeyote kukiri kwamba alikuwa amedhulumiwa, huwa amepata nini hasa?

Jibu linategemea namna kifungo chenyewe kilivyokuwa. Ukabaila, yaani utaratibu ambao mfalme huwagawia wakubwa ardhi kwa sharti la utiifu na huduma ya vita, nao wakubwa huwaweka wengine chini yao kwa masharti yao, ulistawishwa Uskoti hasa na Mfalme David I (1124–1153), aliyewapa wapiganaji wa asili ya Kinormani maeneo makubwa ya kusini. Chini kabisa ya ngazi hiyo alikuwa mtwana, mkulima ambaye hakuruhusiwa kuhama bila idhini ya bwana wake, ambaye alitozwa malipo binti yake alipoolewa, na ambaye watoto wake walizaliwa katika hali ileile. Wamonaki wa abasia (monasteri) ya Dunfermline waliandika nasaba za watwana wao kwa uangalifu ambao kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya koo za kifahari, na sababu ilikuwa moja tu: kujua nani ni mali ya nani. Kwa mwungwana nasaba ilionyesha anachorithi. Kwa mtwana ilionyesha nani atamrithi yeye.

Hata hivyo, maisha ya kila siku hayakuwa minyororo mitupu. Orodha ya mali ya abasia ya Kelso, iliyoandikwa karibu na mwaka 1300, inaeleza wajibu wa wakulima wa kijiji cha Bowden kwa undani unaomfanya msomaji auone mwaka wao mzima. Mkulima alivuna shamba la abasia kwa siku nne wakati wa mavuno, pamoja na mkewe na jamaa yake yote. Alilima sehemu ya shamba la wamonaki, akatoa mtu wa kuosha kondoo na mwingine wa kuwanyoa, akabeba udongo mkavu wa kuchoma unaotumika badala ya kuni, na mara moja kwa mwaka akampeleka farasi wake Berwick, bandarini, kusomba mizigo ya abate, mkuu wa abasia. Kwa upande wake, abasia ilimkopesha mtaji wa kuanzia: maksai wawili, farasi mmoja, na mbegu za oti, shayiri na ngano. Baadaye, huduma hizo zilipogeuzwa kuwa kodi ya fedha, mkulima alirudisha mtaji huo na kulipa shilingi zake. Mzigo ulipungua, na tegemeo nalo likaondoka.

Hapo ndipo wanaousifu ukabaila hupata hoja yao, kwamba mtwana alikuwa na usalama ambao mtu huru hakuwa nao, kwa kuwa asiyeweza kuondoka hawezi pia kuondolewa. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu ya pili inaiangusha. Katika karne ya 12 kabaila Waldev wa Dunbar aliwatoa Halden na William nduguye, pamoja na watoto wao na kizazi chao chote, kwa abasia ya Kelso, kama mtu anavyotoa kundi la mifugo. Usalama wa mtwana, basi, haukuwa haki aliyoishika yeye, bali ulikuwa mazoea ya bwana, ambayo yalidumu kwa kadiri yalivyomfaa bwana. Ndiyo maana sheria za miji zilikuwa na uzito zaidi kuliko maneno yake machache yanavyoonyesha: mtwana aliyekaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa alihesabiwa huru. Mlango huo ulikuwa mwembamba, lakini aliyeupita hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kilichouvunja utwana kilikuwa hesabu za uchumi zaidi ya dhamiri. Vita na Uingereza vilivyoanza mwaka 1296 viliharibu mashamba ya kusini. Tauni iliyofika mwaka 1349 ikaua watu wengi, na mashamba yakakosa wapangaji. Bwana mwenye ardhi tupu humhitaji mlipakodi kuliko anavyohitaji hati ya kumdai mtoro. Mkulima akawa mpangaji, huru kuondoka. Lakini mkataba wake mara nyingi ulikuwa wa mwaka mmoja au michache. Sheria ya mwaka 1449 ilimkinga asifukuzwe na mnunuzi mpya wa ardhi kabla ya muda wake kwisha, ila haikuurefusha muda wenyewe. Mwaka 1521 mwanachuoni John Mair alieleza kwa nini wakulima wa nchi yake hawakupanda miti wala kujenga nyumba imara: hawakuwa na hakika ya kukaa.

Uhuru, basi, una uwezo wa aina mbili ambao fikra nyepesi huuchanganya: uwezo wa kuondoka na uwezo wa kubaki. Mtwana alinyimwa wa kwanza kwa sheria, na wa pili aliupata kwa hisani. Mpangaji alipewa wa kwanza, akaachwa autafute wa pili kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Hali hizi mbili si sawa, kwani anayeweza kuondoka anaweza angalau kujadiliana, lakini kuuita mpito huo ukombozi bila maelezo ni kumpa kabaila sifa asiyostahili.

Na kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba kumfunga mtu ni dhuluma, hakukuwa na kanuni ya kuzuia kifungo kisirudi. Mwaka 1606 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyowafunga wachimba makaa ya mawe na wapika chumvi kwa waajiri wao, na sheria ya mwaka 1701 ya kuzuia watu wasiwekwe kizuizini bila kesi ikawaacha nje kwa kuwataja waziwazi. Sheria ya mwaka 1775 iliwafungulia njia ya taratibu, yenye masharti ambayo wengi hawakuweza kuyatimiza. Mwaka 1778, katika kesi ya Joseph Knight, Mwafrika aliyeletwa Uskoti kutoka Jamaika, majaji wa mahakama kuu ya Edinburgh waliamua kwamba sheria ya nchi hiyo haiutambui utumwa. Wachimbaji waliobaki wamefungwa walingoja hadi mwaka 1799.