Chombo cha Shirika na Faradhi ya Kukinyosha

Lipo swali moja ambalo watu wa kazi za mikono hulipitia kila siku bila ya kulipa jina la dini wala la falsafa, nalo ni hili: chombo kikiwa cha wengi, kisha kikaenda upogo, ni juu ya nani kukinyosha? Huenda swali hili likaonekana dogo kwa mtu akaaye mbali na maranda na vumbi la mbao. Walakini ndani yake limo jambo zima la amana, la haki ya mwenzi, na la hesabu ambayo kila mja ataitoa kwa kile alichokabidhiwa.

Hapa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, na ambako adhana na sauti za nyundo zimekwisha kuzoeana, si ajabu kuwakuta maseremala wachache wamekodi banda moja, wakashirikiana kodi, umeme na mashine, kila mmoja akabaki na wateja wake, patasi zake na mwanafunzi wake. Mashine yenyewe huenda ikawa msumeno wa radiali, uliofika mjini baada ya kutumika miaka mingi katika nchi nyingine: msumeno wa duara uliofungwa pamoja na mota yake chini ya mkono mrefu wa chuma, ambao huvutwa kumwelekea fundi huku ubao umetulia mezani, umeegemea ukingo ulio nyuma. Aliyeubuni ni Mmarekani, Raymond DeWalt, mwaka 1922, akitaka mashine moja itoshe kwa kazi za mashine kadhaa. Na uzuri wake huo ndio asili ya udhaifu wake, kwani chombo kinachoweza kuinuliwa, kugeuzwa na kulazwa kila upande kina viungo vingi, na hapana kiungo kisichoweza kulegea.

Kulegea huko hakuji kwa kishindo. Huyu amekata mikaratusi mizito akauvuta msumeno kwa nguvu. Yule ameugeuza akate pembe ya digrii 45, kisha akaurejesha kwa kukadiria kwa jicho. Na mwingine ameigonga nguzo ya mashine alipokuwa akipitisha ubao wa mlango. Na baada ya miezi, mkono uliopaswa kukutana na ukingo kwa pembe mraba kamili umekwisha kukengeuka nusu digrii. Nusu digrii haionekani kwa macho, lakini katika ubao wenye upana wa sentimita 30 ni kiasi cha milimita 2 na nusu, na fremu ya dirisha ina pembe nne, kila pembe ikidai haki yake.

Hapo ndipo inapozaliwa desturi ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha maudhui haya. Seremala mzoefu, akiisha kuujua upogo wa mashine, hauondoi. Hutwaa kipande cha karatasi ngumu, akakikunja, akakichomeka baina ya ubao na ukingo, na kazi yake ikatoka imenyooka. Akimaliza hukitia kipande chake mfukoni akaenda zake. Wa pili naye ana chake, na wa tatu ana chake, kila mmoja kwa unene alioutambua mwenyewe, hata ikawa banda zima linatoa kazi nzuri kwa mashine mbovu, wala hapana anayedhulumika ila yule asiye na karatasi: mwanafunzi aliyeingia juzi, ambaye hukata kama alivyofundishwa, akapata ubao wa upande, akakaripiwa kwa kosa ambalo wakubwa wake wote walikuwa wakilijua.

Wanazuoni wa fikihi wamezigawa faradhi mafungu mawili. Ipo faradhi ya ayni, impasayo kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano na saumu ya Ramadhani. Na ipo faradhi ya kifaya, iwapasayo watu kwa ujumla wao, kama kumsalia maiti, ambayo wakiitekeleza baadhi yao wengine husalimika, na wakiiacha wote dhambi huwaenea wote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa Ulumiddin kwamba hata ukulima, ufumaji na ushoni ni katika faradhi za kifaya, maana bila ya kazi hizo maisha ya watu hayasimami. Basi ikiwa kazi ya mikono imepewa daraja hiyo, yawaje chombo chake kiachwe nje ya hukumu?

Ni kweli kwamba mvivu hupenda kujificha nyuma ya faradhi ya kifaya, akisema kuwa wenzake wapo na mmoja wao atafanya. Lakini fikihi ile ile imemfungia njia, kwani faradhi ya kifaya hugeuka ayni kwa yule ambaye hapana mwingine ajuaye au awezaye isipokuwa yeye. Aliyeuona upogo ameteuliwa kwa kuona kwake. Na karatasi iliyomo mfukoni mwake ni shahidi juu yake, kwa sababu hapana mtu akunjaye karatasi ya kusahihisha asilolijua.

Na asemaye kwamba hakujua, njia ya kujua ni nyepesi. Atwae ubao mpana ambao kingo zake mbili ni sambamba, aukate katikati, kisha akipindue kipande kimoja, uso wa chini uwe juu, na avikutanishe tena vile vipande viwili, vimeegemea kitu kilichonyooka. Mkato ukiwa wa haki, vitashikamana pasipo mwanga kupita. Ukiwa wa upogo, utafunguka mwanya ulio mara mbili ya kosa lenyewe. Wenye elimu ya nafsi waliposisitiza muhasaba, walitaka jambo la namna hii: mtu ajipindue mbele ya kipimo kisichompendelea, badala ya kujitazama daima kwa upande aliouzoea.

Walakini islahi nayo ina adabu zake. Fundi anayelegeza nati usiku peke yake, akainyosha mashine bila ya kumwambia mtu, huwadhulumu wenzake kwa jina la wema, kwani kesho yake watachomeka karatasi zao kama kawaida na kuharibu milango ambayo nusu yake imekwisha kuundwa. Yafaa wakutane, kazi zilizo mkononi zimalizwe, kisha wafuate taratibu mbele ya macho ya wote, wanafunzi wakiwamo: kwanza meza iwe sambamba na njia ya msumeno chini ya mkono, halafu msumeno usimame wima juu ya meza, halafu mkono ukutane na ukingo kwa pembe mraba, na mwisho, meno ya nyuma yapite pale pale yalipopita meno ya mbele. Atakayeanza na la mwisho atalirudia, kwa maana kila hatua imejengwa juu ya iliyotangulia. Kisha karatasi zote zitupwe, na litundikwe daftari la kuandikwa nani aliugeuza mkono, lini, na nani aliurejesha. Kwani wahenga wamekwisha kunena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kadhalika wasisahau roho za watu. Msumeno huu una tabia ya kujivuta wenyewe kumwelekea fundi, hivyo wachague wenye meno yasiyoinama sana mbele. Na katika mji ambao umeme hukatika kisha ukarudi ghafla, kiwashio kiwe cha namna ambayo umeme ukikatika hujizima, na msumeno haukubali kuzunguka tena mpaka mtu auwashe kwa kusudi. La sivyo utaamka peke yake, mkono wa kijana ungali mezani.

Haya hayakomi katika banda la maseremala. Mtaro wa mtaa ukiziba, mwenye uwezo huinua kizingiti cha nyumba yake, maji yakaenda kwa jirani. Hiyo nayo ni karatasi ya mfukoni, na aliyeona kuziba kule, akanyamaza kwa kuwa kwake ni pakavu, ameacha faradhi. Katika Surat Saba', Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa aunde deraya na avipime sawasawa viungo vyake. Na amri hiyo ya kupima imefuatwa, katika aya ile ile, na amri ya kutenda mema. Kipimo ni katika wema, na wema wa shirika hupimwa kwa yule aliye dhaifu kuliko wote: karakana ya haki ni ile ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza, akikata bila ya siri yoyote, hupata pembe ile ile aipatayo fundi mkuu.